Mita 300 kutoka kwenye mkwaju: uzoefu wangu na programu ya kanzidata ya jiolojia

Ujumbe ulitokea kwa rangi ya kijani katikati ya skrini: visima 386 vimeingizwa, makosa 0. Nilishusha pumzi, nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani nikijua kazi ya miezi imeisha. Hiyo sifuri ndiyo inayonifanya niandike leo. Ilikuwa uongo, na kwa sababu yake tulibakiza kidogo sana kuwaambia watu wa kijiji kizima kwamba kisima chao hakipo.

Nafanya kazi Dodoma, kwenye ofisi ndogo ya kupima na kuchimba visima. Kutunza taarifa za visima ni kazi yangu. Jina la programu sitalitaja. Anayeitumia ataitambua kwa dirisha lake la kuingiza data, lile lenye safu za faili lako kushoto na safu zao kulia, unaburuta mstari kuziunganisha. Inaweza nini na nini, hayo yamo kwenye tovuti yao. Mimi nazungumzia jambo moja tu: mahali kisima kilipo.

Visima vyetu havikuandikwa na mtu mmoja wala enzi moja. Vipya vimepimwa kwa GPS ya mkononi, kwa WGS 84, mfumo wa setilaiti. Vya zamani, vile vilivyochimbwa miaka ya 1970 wakati wa vijiji vya ujamaa, koodineti zake, yaani namba za mahali vilipo, zilisomwa kwa rula kwenye ramani za karatasi za 1:50,000, na ramani hizo zimechorwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960. Jina hilo lilitokana na tao la longitudo ya 30, upimaji ulioanzia Afrika Kusini ukapanda hadi Misri na kukamilika mwaka 1954. Ni kazi kubwa na ya heshima, lakini umbo la dunia lililotumika ni la Clarke 1880, tofauti na la setilaiti za leo. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazisoma kana kwamba ni za WGS 84, huku kwetu kisima kinasogea zaidi ya mita 300, karibu zote kuelekea kaskazini.

Hilo nililijua. Ndiyo maana kwenye faili niliweka safu inayoitwa "datumu", na kila kisima nikakiandikia chake: Arc 1960 au WGS 84. Niliweka na safu ya "ukanda", yaani kipande cha dunia cha nyuzi sita chenye hesabu yake ya mita, kwa kuwa mkoa wetu umekatwa na mstari wa nyuzi 36 mashariki. Dodoma mjini iko ukanda wa 36, Kongwa na Mpwapwa ziko ukanda wa 37. Nilikaa wiki kadhaa na fomu zilizoliwa na mchwa pembeni, nikizisoma moja moja kwa miwani na taa, nikimpigia simu mpimaji mstaafu kila nilipokwama. Sikubahatisha hata mstari mmoja.

Programu ilizitupa safu zote mbili. Haikuwa na mahali pa kuziunganisha, basi ikaziacha kimya kimya, bila onyo. Mfumo wa koodineti unachaguliwa mara moja kwa faili zima, na sehemu ya kuchagua imefichwa chini ya "mipangilio ya ziada" ambayo haifunguki mpaka uibonyeze. Humo ndani walishajaza wao wenyewe: WGS 84, ukanda wa 36. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Kosa la ukanda nililiona asubuhi yake. Nilifungua ramani, nikakuta visima vya Kongwa na Mpwapwa vimekwenda kukaa magharibi ya Mpanda, njia ya kuelekea Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwao. Nilikasirika, lakini kosa la namna hiyo halifichiki, mtoto wa shule angeliona. Niligawa faili mara mbili kwa ukanda, nikaingiza upya. Kijani tena. Makosa 0. Safari hii kila kisima kilikuwa kwenye wilaya yake, karibu na kijiji chake, na mimi nikaamini. Kwenye ramani ya wilaya nzima mita 300 hazifiki hata upana wa kidoti.

Wiki chache baadaye vijana wetu wa upimaji wakatumwa kijiji kimoja upande wa Kongwa. Kulikuwa na kisima kirefu cha zamani, pampu ilishakufa, na kijiji kiliomba kifufuliwe. Walifika kwenye kidoti cha programu yangu. Wakakuta shamba la mtama. Wakazunguka asubuhi nzima, wakitafuta kesingi (bomba la kuzuia kuta za kisima), zege, hata kipande cha bomba. Hamna. Mchana wakanipigia: kisima kimefukiwa, tuandike kwamba eneo linahitaji kisima kipya? Nami, kwa kuwa niliiamini ile kijani, nilikuwa nimeshaanza kuwajibu ndiyo.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni. Kijana wetu alimwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba, kisha akauliza wanatafuta nini kwenye shamba la mwanawe. Walipomweleza, akatua mzigo.

"Kisima kipo, mjukuu wangu. Kipo pale kwenye mkwaju. Mimi nimechota pale tangu nimeolewa."

Walimfuata. Kusini ya pale walipokuwa, kidogo upande wa mashariki, chini ya mkwaju, kesingi ilikuwa imesimama na mfuniko wake. Kijana akapima kwa GPS, akanitumia namba. Nilipotoa moja kwa nyingine nikapata zaidi kidogo ya mita 300, na mikono ikaanza kutetemeka kwa hasira. Nilijua ni nini kabla hata sijafungua "mipangilio ya ziada".

Asiyefanya kazi hii atasema mita 300 ni mwendo wa dakika tano. Aje Dodoma. Chini yetu ni miamba migumu ya zamani sana, graniti na jamaa zake. Maji hayako kila mahali. Yamo kwenye tabaka la mwamba uliooza na kwenye nyufa. Kisima hiki kinatoa maji mwaka mzima, ukisogea mita 300 unachimba vumbi mpaka fedha inakwisha. Taarifa ya kisima cha zamani ina thamani kwa sababu inakuambia hapa, pale pale, mwamba ulifunguka. Ukisogeza kidoti umeitupa taarifa yote: kina, kiasi cha maji, chumvi yake, kila kitu kinabaki kuwa habari za mahali pengine. Na ule mtambo wa kuchimba ungekwenda kuchimba upya, kwa michango ya watu wanaouza kuku kupata fedha hiyo, ilhali maji yapo chini ya mkwaju.

Sasa nifike kwenye simu. Wakala wao yuko Dar es Salaam. Nilimpigia siku ile ile, nikaeleza kwa utulivu, naapa kwa utulivu. Hakunisikiliza hadi mwisho.

"Dada, programu haina tatizo. Tatizo ni data zenu. Soma mwongozo kwanza ndipo upige."

Data zetu. Zile fomu nilizozisoma kwa taa. Nilimwambia safu ya datumu ipo kwenye faili, programu imeitupa bila kuniambia. Akanijibu kwamba watumiaji wengine hawalalamiki. Ninaamini hawalalamiki kwa sababu hawajajua! Ni ofisi ngapi zina visima vya zamani vilivyoingizwa hivyo, vimesogea vyote pamoja kama kundi la mbuzi, na hakuna bibi wa kupita na kuni? Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko ufidhuli wake. Lakini na ufidhuli wake pia sijausahau. Mtu analipia leseni kila mwaka, anapiga kuhusu maji ya watu, anaambiwa akasome.

Siku ile ningeandika nyota moja, na kama kuna pungufu ya moja ningeiandika hiyo.

Lakini nisiwe mwongo na mimi. Ukishaingiza visima sawasawa, programu hii inafanya kitu ambacho sijakiona kwingine kwa urahisi huo. Unachora mstari kwenye ramani kupitia visima sita, inakupa mkato wa ardhi: udongo juu, mwamba uliooza katikati, mwamba mzima chini, na maji yalikopatikana. Mara ya kwanza nilipoona mkato wa visima vyetu vya Mpwapwa, tabaka lile likishuka na kupanda kutoka kisima hadi kisima, nilimwita bosi aje aone. Alikaa akitazama muda mrefu. Kazi ile kwa mkono ilikuwa inatuchukua siku nyingi. Kwa hilo peke yake ningesema nyota nne.

Na kuna kijana mwingine wa kwao. Sijui barua pepe yangu ilimfikiaje, alinipigia jioni baada ya kazi, akasema, "Mama, pole sana, nimeona faili lako, ni kweli." Mimi si mama yake lakini lilinituliza. Alikaa nami kwenye simu mpaka giza likaingia, tukarekebisha kundi baada ya kundi. Hakunilaumu hata mara moja. Alikubali kwamba dirisha lile lilipaswa kuuliza, na kwamba safu ikitupwa mtu aambiwe. Aliahidi atalipeleka juu.

Kwa mliokwama kama mimi, hiki ndicho ninachofanya sasa. Siiachii programu ile ibadilishe chochote. Nagawa faili kwa datumu na kwa ukanda, kila kundi peke yake. Nalipitisha kwanza kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure, ambako kila mfumo una namba yake ya EPSG: Arc 1960 ya ukanda wa 36 kusini ni EPSG 21036, wa 37 ni 21037, natoa WGS 84, yaani 32736 au 32737. Angalieni neno kusini. Ukichagua kaskazini kwa bahati mbaya, namba zetu za milioni 9 na zaidi zinapelekwa kwenye bahari ya barafu karibu na ncha ya dunia. Wanaotumia nyuzi waangalie alama ya kutoa: Dodoma bila alama hiyo inahamia kusini magharibi mwa Ethiopia. Na dakika zisiandikwe kama desimali. Nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.5, ukiandika 6.30 umekosea kilomita 22.

Kisha, kabla ya faili zima, naingiza visima vitatu ambavyo nimevisimamia kwa miguu yangu au vijana wetu wamevigusa kwa mikono. Kimoja ni cha mkwaju. Kisipokaa chini ya mkwaju kwenye picha ya setilaiti, siendelei.

Yote hayo ni kazi ninayoifanya kwa niaba ya programu tuliyoilipia. Swali moja tu lingetosha: visima hivi vimepimwa kwa datumu gani? Mstari mmoja kwenye skrini.

Leseni yetu inakaribia kuisha. Bosi aliniuliza kama tulipie tena. Jana, nikikumbuka ile mikato na yule kijana wa jioni, nilimwambia tulipie, na moyoni nilikuwa nimeshaandika nyota tatu. Leo asubuhi limekuja toleo jipya. Nimelipakua, nikaweka faili dogo la visima kumi, vitano Arc 1960, vitano WGS 84, safu ya datumu ikiwa wazi kabisa kwa herufi kubwa. Dirisha limebadilishwa rangi, vitufe vimekuwa vya duara. Nikabonyeza.

Visima 10 vimeingizwa, makosa 0.

Nimemwambia bosi asilipe kwanza. Nyota mbili, na hiyo ya pili ni ya yule kijana.