Uzoefu wangu na njia ya pwani ya Pembrokeshire: angalia maji kwanza, kilometa baadaye

Naona watu wengi wanauliza hii njia inapangwaje, basi naandika nilivyoiona mwenyewe. Jibu langu ni kwamba ni nzuri sana na nitaenda tena, ila ukiipanga kwa kugawa kilometa kwa siku peke yake utahangaika. Hii unaanza na jedwali la maji kupwa na kujaa, halafu ratiba ya basi, halafu ratiba ya jeshi (ndio, jeshi, nakuja huko), kilometa ndo zinajipanga mwisho.

Kwa asiyeijua, ni njia ya kutembea kwa miguu, iko kusini magharibi mwa Wales, inatoka St Dogmaels kaskazini mpaka Amroth kusini, kilometa 299 hivi, ilifunguliwa rasmi 1970. Kupotea ni ngumu maana bahari iko upande wako wa kulia karibu muda wote ukishuka kutoka kaskazini, na vibao vina alama ya tunda la mwaloni. Sasa mtu akisikia pwani anajua ni tambarare, hapana jamani, njia inapita juu ya majabali, inashuka mpaka kwenye kighuba, inapanda tena, inashuka tena, siku nzima hivyo hivyo, na ukijumlisha vipando vyote vinapita mita 10,000. Magoti yatajua.

Turudi kwenye maji. Upande wa kijiji cha Dale kuna sehemu mbili, The Gann na Sandy Haven, ambapo njia inakata hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu). Maji yakipwa unavuka kwa miguu, yakijaa pale pa kuvukia panafunikwa na inabidi uzunguke kwa barabarani kilometa kadhaa, tena kwa miguu ambayo tayari imechoka. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo tarehe utakayofika pale ndo inaamua kila kitu. Mimi nilitafuta siku ambayo maji yanapwa mchana mchana, nikaipigilia hapo Dale, ndo nikahesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kuanza na gesti zote nikazibuku kufuata hesabu hiyo. Ikakubali vizuri mno: nilivuka The Gann maji yakiwa bado yanatoka, nikapita St Ishmael's bila kukimbizana, nikafika Sandy Haven kabla hayajaanza kurudi kwa nguvu. Kama siku yako imeangukia bamvua (siku ambazo maji yanajaa na kupwa kupita kawaida) kuwa makini zaidi, maji yakigeuka yanapanda haraka. Halafu kitu ambacho sikuona mtu akikisema: baadhi ya majedwali yanachapwa kwa saa za Greenwich mwaka mzima, na wakati wa kiangazi saa za kule zinasogezwa mbele saa moja, kwa hiyo soma maandishi madogo juu ya jedwali, ukikuta ni hayo unaongeza saa moja mwenyewe.

Haya, jeshi. Castlemartin ni uwanja wa kulenga shabaha, risasi za kweli kabisa, na njia inapita ukingoni mwake. Siku wanayofyatua wanapandisha bendera nyekundu na geti linafungwa, unaenda kwa barabarani na unakosa kipande ambacho kwangu ni bora kuliko vyote kusini: Stack Rocks, lile tao la mwamba linaloitwa Green Bridge of Wales, na kikanisa cha St Govan kilichobanwa ndani ya ufa wa jabali, unakishukia kwa ngazi za mawe. Wikendi mara nyingi panafunguliwa, na ratiba ya kufyatua inatangazwa mapema. Kwa hiyo nikawa na misumari miwili, maji ya Dale katikati ya wiki na Castlemartin wikendi, kilichobaki nikakijaza katikati.

Mabasi ya pwani ndo yaliyonifurahisha kuliko nilivyotegemea. Poppit Rocket, Strumble Shuttle, Puffin Shuttle, yanazunguka vijiji vya pwani kuanzia Mei mpaka Septemba, na huko mashambani unanyoosha mkono popote penye usalama dereva anasimama. Maana yake unaweza kulala gesti moja usiku kadhaa, asubuhi basi linakupeleka mbele, unatembea kurudi kitandani kwako na begi dogo tu. Nje ya miezi hiyo yanapungua sana, usibuku kitu kabla hujaangalia.

Pale nilipokuwa nahama gesti nililipia kampuni ya kusafirisha mabegi, jina siweki. Siku nyingi walikuwa sawa, siku moja begi lilifika usiku na mimi nimelowa tangu mchana. Ile sikuipenda hata kidogo. Nguo kavu na dawa zako beba mgongoni, ulipie usilipie.

Kipande kigumu ni cha mwanzo, St Dogmaels mpaka Newport, kama kilometa 25 bila duka, chakula na maji ya kunywa unatoka navyo. Ukiona ni nyingi kikate Ceibwr, barabara inafika pale. Kipande cha Milford Haven kina matangi ya mafuta na mabomba, mwenye haraka apande basi, hatakosa kikubwa. Mtandao wa simu unakatika kwenye vighuba, nunua ramani za karatasi za Ordnance Survey, OL35 ya kaskazini na OL36 ya kusini. Na hema usipige popote tu, bila ruhusa ya mwenye ardhi hairuhusiwi.

Mimi nilienda Septemba kwa ajili ya sili (wale wanyama wa baharini), wanazaa kuanzia mwisho wa Agosti na unawaona watoto weupe kule chini kwenye kokoto ukiwa juu ya jabali (usishuke, mama anaweza kumtelekeza mtoto). Ukitaka wale ndege wa puffin wa kisiwa cha Skomer nenda Mei au Juni, Agosti wameshaondoka.

Kama una siku chache tu, fanya Fishguard mpaka Solva, ulale St Davids. Hakuna hori la kusubiri maji, hakuna jeshi, na mabasi yanakufuata njia yote.