Mashine ya pilau Tangamano: mia tano yangu, kitufe bubu na kijana asiyejua shikamoo

Mia tano yangu siidai, nimeshaisamehe. Ila yule kijana wa kwenye mashine ya pilau, gemu ya wanachuo, sijamsamehe na ngoja niwaambie kwa nini.

Juzi juzi hapa, wiki mbili tatu zimepita, kulikuwa na maonesho viwanja vya Tangamano nikampeleka mpwa wangu wa darasa la tano maana alinisumbua toka asubuhi. Mabanda mengi ni yale yale, sabuni ya maji, mashine ya kutotolea vifaranga, mtu anakupa kipeperushi hata hujamuangalia. Mara nasikia watoto wanazomea kama wako uwanja wa mpira Mkwakwani, nikasogea.

Kwa wasio wa huku, Tanga kuna vyuo viwili, majina siyataji, hawapikiki chungu kimoja. Kimoja sare yao kijani, kingine damu ya mzee. Mimi nimesoma kijani, umeme, miaka hiyo. Na mji wenyewe tumezoea hayo mambo, ukiwa Coastal jirani yako African Sports mnaazimana chumvi vizuri tu mpaka siku ya mechi, na kuna wazee Ngamiani ukiwatajia ubingwa wa Coastal wa 1988 wanakusimulia kama mechi imeisha jana jioni. Sasa hivi vyuo ndo hivyo hivyo, ila ugomvi wao ni sufuria. Siku moja ya michezo, zamani, wageni walibeba sufuria zima la pilau jikoni kwa wenyeji likiwa linafuka moshi, wakatoka nalo getini limewekwa kwenye keria ya baiskeli, wawili wanashikilia huku na huku. Nani alimuibia nani inategemea unamuuliza nani. Sisi hatukuiba.

Basi hawa vijana wa uhandisi wametengeneza gemu ya hiyo stori. Meza ndefu, kila mwisho kuna geti la chuo la mbao limepakwa rangi yake, katikati kuna kisufuria cha bati kinaning'inia kwenye kamba ya nailoni, mota inakivuta. Kila upande una kitufe kikubwa. Unabonyeza haraka haraka, kisufuria kinakuja kwako, taa zinakimbia, spika inamzomea mwenzako. Ndani ya kisufuria wamegundisha mchele wa kweli, na juu yake wameweka vijiti viwili vya mdalasini! Hapo nilikuwa nacheka peke yangu, ningewapa nyota tano na ya kuazima.

Waliotengeneza ni damu ya mzee. Hilo likae akilini.

Nikalipa mia tano, nikasimama geti la kijani, mpwa wangu akapelekwa upande wa pili maana ndo nafasi iliyobaki. Haya, anzeni. Nikabonyeza jamani. Nilibonyeza mpaka meza inatikisika, kisufuria kinanipa mgongo kinaenda zake kule kwa mtoto, taratiibu, kama kimeitwa. Nainua macho namuona mpwa wangu kaweka kiwiko juu ya kitufe, anamenya chungwa. Hachezi! Anamenya chungwa la Muheza, ganda linashuka refu mpaka chini, kisufuria kimeshafika getini kwake na spika inapiga kelele Damu ya Mzee oyeee.

Nikamwita yule kijana, fulana ya chuo, kalamu sikioni. Nikamwambia mgosi, hiki kitufe changu hakisikii. Hakuniamkia, shikamoo hata ya uongo hakunipa, na mimi ni sawa na mdogo wake babaake. Akaniangalia vidole hivi, akasema, "Mzee, mashine haina shida, vidole ndo vimechoka." Kisha akapaza sauti, "Anayefuata!" Watu wakacheka. Mpwa wangu naye akacheka, chungwa mdomoni.

Vidole vimechoka! Mimi nina banda la kutengeneza redio na simu Barabara ya 12, vidole hivi vinachomelea risasi kwenye sakiti ambayo yeye akiiona atadhani ni biskuti. Nikamwambia fungua nione, akasema "hii ni projekti, programu yake sio kila mtu anaelewa." Hapo nikasema moyoni nyota moja, na hiyo moja ni ya mdalasini.

Nisingeandika yote haya kama isingekuwa yule binti. Alikuwa chini ya meza anafunga waya na tepu, akatoka na vumbi magotini, "Shikamoo anko, samahani, kuna nini?" Marahaba. Unaona? Nikamueleza kuhusu kiwiko na chungwa, akanyamaza kidogo, akafungua laptopu, akanionyesha mwenyewe bila kuombwa mara mbili.

Na ugonjwa ulikuwa pale pale wazi. Ndani kuna ubao wa Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuendeshea mashine kinachouzwa kila mahali, hauna tatizo, unafanya ulichouambia. Wao wameuambia hivi: uliza kwanza damu ya mzee kabonyeza? Kama ndiyo, vuta kwake, subiri kidogo, rudi mwanzo. Kama hapana, ndo sasa umuulize kijani. Sasa mtu akiweka kiwiko jibu ni ndiyo ndiyo ndiyo siku nzima, zamu ya kijani haifiki mpaka kiama. Halafu ikilia ile zomea wameweka dilei ya 2000, yaani milisekunde, sekunde mbili nzima ubao umelala hausikilizi mtu yeyote, mimi nahangaika kubonyeza ni kama nabisha hodi nyumba iliyohamwa. Ilitakiwa ihesabu kile kitendo cha kubonyeza, sio kule kushikilia, uachie ndo ubonyeze tena, na vitufe vyote viulizwe kila mara bila kulala. Na ubao huo una pini ya 2 na ya 3 ambazo zinaweza kuukatiza ukiwa katikati ya kazi nyingine, kitufe kimoja huku kimoja kule, mchezo umekwisha. Kazi ya nusu saa na chai.

Nikamuuliza binti, mlifanya makusudi? Akacheka akasema "anko, tulikimbizana na presentesheni," ambalo wote tunajua sio jibu. Mimi bado nasema makusudi. Au labda sio, maana alivyoshtuka alishtuka kweli. Sijui, nusu kwa nusu.

Kurekebisha programu haikuwezekana kwa sababu laptopu ilibakiwa na chaji ya kusalimia tu ikazima pale pale, na soketi ya banda imechukuliwa na watu wa juisi. Binti akasema ngoja. Akachukua bisibisi, akabadilishana waya za vitufe, wa kijani kwa damu ya mzee na wa damu ya mzee kwa kijani, kisha akageuza na waya mbili za mota ili ivute kinyume. Dakika tano hazikufika. Mikono mizuri ile, akija bandani kwangu namuajiri kesho. Kwa hiyo sasa anayeulizwa kwanza ni kijani. Mimi nilielewa, yeye alielewa, tukaangaliana, hatukusema kitu.

Nikamwita yule wa kalamu sikioni. Njoo wewe mwenye vidole vibichi tucheze. Akaja anatabasamu.

Nikaweka kiwiko.

Jamani raha. Alibonyeza yule mtoto wa watu mpaka kalamu ikadondoka, jasho, anabadilisha mkono, anabonyeza na ngumi, na kisufuria kinakuja kwangu taratiibu na mdalasini wake. Nilitamani ningekuwa na chungwa. Najua, najua, nimetoka kulalamika hapo juu kuhusu haki, lakini nyie hamkuwepo alivyosema vidole.

Sasa kisufuria kinagusa geti la kijani, nanyanyua mikono, na spika, ambayo hakuna aliyeigusa waya wala chochote, ikalia kwa sauti yote: Damu ya Mzee oyeee! Na taa zote zikawaka damu ya mzee. Banda zima likaanguka kicheko, yule kijana akaruka juu kama kashinda yeye, mimi nimesimama pale na pilau langu nazomewa. Mpwa ananiuliza mjomba, sasa tumeshinda au? Nikamwambia twende tukale mihogo.

Nyota tatu. Wazo tano, binti tano, spika sifuri, na yule kijana sina nyota za hasi humu ningempa. Au weka mbili na nusu. Wanasema wataipeleka na sehemu nyingine, mkiikuta nendeni upande wa kijani, chungwa mkononi.