Ziara ya nyayo za Jenerali Sarakikya, Arusha: miaka ya magwanda imeelezwa vizuri, miaka ya uwaziri imepitwa mbio

Kuna kundi dogo la waongoza watalii mjini Arusha wanaotoa ziara ya siku moja kuhusu utumishi wa Jenerali Mirisho Sarakikya, Mmeru aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kisha akaingia kwenye Baraza la Mawaziri. Bei ni Sh 70,000 kwa mtu, kundi la watu wanne hadi sita. Humo mna usafiri wa Noah, maji ya kunywa na kijitabu cha kurasa nane. Chakula na viingilio kila mtu anajilipia.

Safari huanza saa 2 asubuhi kwenye Mnara wa Mwenge, na kutoka hapo ni hatua chache kwa miguu hadi Makumbusho ya Azimio la Arusha. Hapo ndipo mwongozaji anapoonyesha uwezo wake. Anaanza na maasi ya askari ya Januari 1964 na anayapanga kwa tarehe bila kubabaika: tarehe 20 kambi ya Colito pale Dar es Salaam, tarehe 21 Tabora, tarehe 25 makomando wa Kiingereza wanateremka kwa ombi la Mwalimu Nyerere na kuwanyang'anya askari silaha. Anaeleza walichodai: mshahara, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Mkuu wao wakati ule alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza.

Kisha anajibu swali ambalo watu wengi huwa nalo: iweje kijana wa miaka kama 30 akabidhiwe jeshi zima? Jibu lake ni zuri. Jeshi la kikoloni lilikuwa limewapa Watanganyika wachache mno kamisheni, yaani cheo cha ofisa, na Sarakikya, aliyesomea Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza, alikuwa mmoja wao. Jeshi la zamani lilipovunjwa, hapakuwa na safu ndefu ya kuchagua. Jeshi jipya lilizaliwa rasmi 1 Septemba 1964, askari wake wengi wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na askari akaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama hicho. Hilo la mwisho lishikeni, maana ndilo ufunguo wa yote yanayofuata. Kwa bahati mbaya mwongozaji halirudii tena.

Tatizo linaanza akifika 1974. Miaka kumi ya ukuu wa majeshi amekwishaieleza kwa karibu saa nzima, halafu uwaziri anaumaliza kwa sentensi mbili: akaacha jeshi, akawa waziri, baadaye akaenda ubalozini. Kwa ziara inayojitangaza kuwa ya "jenerali aliyekuwa waziri", hili ni pengo kubwa, tena linazibika kirahisi.

Mambo ya kuongeza yapo. Tangu 1972 Waziri wa Ulinzi alikuwa Edward Sokoine wa Monduli, kwa hiyo kwa miaka kama miwili waziri wa jeshi na mkuu wa jeshi wote walikuwa watoto wa mkoa mmoja. Sarakikya alipotoka hakupewa Ulinzi, alipewa Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ukuu wa majeshi ulikwenda kwa Abdallah Twalipo, aliyekuwa na cheo hicho wakati wa vita vya Kagera, na mwaka 1980 yeye ndiye aliyehamia moja kwa moja kwenye Wizara ya Ulinzi. Wakuu wawili wa kwanza wa jeshi, wote wakawa mawaziri kwa njia mbili tofauti. Kulinganisha hao wawili kungechukua dakika kumi tu, na msikilizaji angeelewa zaidi kuliko kwa orodha yoyote ya vyeo.

Halafu kuna Miiko ya Uongozi, masharti ya Azimio la Arusha kwa viongozi, ambayo mwongozaji anaisoma pale pale makumbusho bila kuiunganisha na mtu anayemzungumzia: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Katika nchi ya namna hiyo, ofisa aliyevua magwanda akaenda wizarani hakuwa anafuata biashara. Wageni vijana hawalijui hilo, na mahali pa kuwaambia ni ndani ya jengo lile lile.

Mlango huo wa jeshi kwenda siasa ulibanwa mwaka 1992, vyama vingi viliporudi. Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote, haki yake ni kupiga kura tu. Jakaya Kikwete, aliyewahi kufundisha siasa kwenye chuo cha jeshi Monduli, aliacha jeshi mwaka huo akiwa luteni kanali. Siku hizi majenerali wastaafu mnawaona zaidi kwenye bodi: George Waitara TANAPA (Hifadhi za Taifa), Venance Mabeyo Ngorongoro. Hayo hayamo kabisa kwenye ziara.

Kijitabu nacho kinahitaji mhariri. Kinamwita Alexander Nyirenda "kapteni" pale alipopandisha Mwenge Kilimanjaro usiku wa Uhuru wa 1961, wakati alikuwa luteni. Kinachanganya pia kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU, kilichokaa 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe ya kutangazwa kwa Azimio, 5 Februari. Mwalimu akikichukua kama kilivyo hadi darasani, makosa yanakwenda kwa wanafunzi.

Baada ya makumbusho gari linaelekea Monduli, kama kilomita 40. Chuo cha jeshi hakiingiwi na hakipigwi picha, hata kwa simu, hata ukiwa ndani ya gari, na mwongozaji anastahili sifa kwa kulisema hilo kabla ya kuondoka mjini. Kaburi la Sokoine liko nyumbani kwao Monduli Juu. Ni nyumba ya watu, kwa hiyo ruhusa iombwe siku kadhaa kabla na mwulize wazi kama imeshapatikana, la sivyo mtaishia barabarani. Kurudi wanapita tena katikati ya mji na kukwama kwenye foleni. Mwombeni dereva aingie barabara ya mchepuko pale Kisongo: inawatoa Usa River bila kugusa mji, na kama njaa inauma mnasimama Kwa Mrombo kwa nyama choma.

Kituo cha Umeruni, upande wa Tengeru, ni kifupi na kinatosha. Epukeni Jumatano na Jumamosi, siku za soko, barabara pale hujaa watu na mizigo.

Nyongeza ya Moshi na Marangu, Sh 40,000 zaidi, msiichukue siku hiyo hiyo. Sarakikya ni mpanda mlima anayejulikana na wazo lenyewe ni zuri, lakini mkifika saa 9 alasiri Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi imeshafunikwa na mawingu. Lala Moshi, uione alfajiri, ndipo uende Marangu.

Kuweka nafasi ni kwa simu, wanataka nusu ya malipo kwanza na risiti wanatoa. Mkiwa walimu, waombeni mapema wampangie mwongozaji saa nzima ya 1974 hadi 1992. Wakiombwa hujiandaa.