Nimelipia paa kwenye maonyesho ya angani, msirudie kosa langu

Haya jamani, mlioniuliza kama siku nzima ya maonyesho ya ndege za kivita inafaa au ni kupoteza hela, jibu ni inafaa, tena sana, ila siyo kwa tiketi niliyokata mimi. Waandaaji siwataji, ila nilichukua ya jukwaa kuu, ile ya bei juu kuliko zote, kiti kina namba, kuna kivuli, spika iko karibu, nikajiona mjanja kabisa. Kumbe nimelipia paa. Hebu fikiria, shoo iko angani na mimi nimekaa chini ya turubai! Ndege inatokea kushoto, inapita mbele yetu vizuri tu, halafu inanyanyua pua na kupanda wima, na hapo ndo penyewe sasa, mi naona turubai jeupe na kamba zake, wale wa tiketi ya kawaida kule kwenye majani wamepinda shingo wanapiga mayowe na sisi wa jukwaani tunatazamana kama waliochelewa harusi.

Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 9. Akaniuliza, "Mjomba, mbona sisi hatuoni?" Sikuwa na jibu la maana. Nikabeba begi tukashuka, tukatembea na uzio mpaka mwisho kabisa, upande ambao ndege zinaanzia kukimbia, na kwangu mimi siku ilianzia hapo, yale ya kabla sihesabu.

Pale mwisho wa uzio hakuna kiti wala kivuli, ni majani na jua, lakini unaiona kazi yenyewe. F-16 inakuja taratibu kwenye lami, rubani anapunga mkono, inageuka, inasimama, mafundi wanaikagua mara ya mwisho, halafu kinakuja kile kimya kidogo ambacho kila mtu anashika kamera. Anasukuma injini, ule mdomo wa nyuma unafunguka, moto unatoka mrefu, rangi ya chungwa yenye pete pete ndani yake, wenyewe wanauita afterbana, kifupi ni kwamba wanamwaga mafuta moja kwa moja kwenye hewa ya moto inayotoka kwenye injini ili isukumwe kwa nguvu zaidi, na mafuta yanaliwa balaa ndo maana hawawashi kwa muda mrefu. Sauti yake huisikii kwa masikio peke yake, inaingia kifuani, mbavu zinatetemeka, chupa ya maji mkononi ikawa inacheza. Halafu harufu, kama jiko la mafuta ya taa lililozimwa sasa hivi, na siyo ajabu maana mafuta ya jeti ni ndugu wa mafuta ya taa.

Kuhusu masikio sitanii hata kidogo. Viziba masikio vya sponji vinatosha kwa mtu mzima kama utaviviringisha vizuri viingie ndani, siyo kuvibandika mlangoni kama nilivyoona watu wanafanya, lakini mtoto mvalishe zile kubwa za kufunika sikio lote. Niliona mama mmoja na kichanga hana kitu chochote masikioni, roho iliniuma.

Kitu ambacho kwenye video hukipati ni vile jeti inakuja kimya. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ndege ikiwa kilomita 1 kutoka ulipo, mlio unaousikia ni wa sekunde 3 nyuma. Sasa ile inayokimbia karibu na kasi ya sauti unaiona inakua tu, inakua, kimyaaa, ikishakupita ndo mngurumo unakufikia kama mtu amekupiga mlango usoni. Mpwa wangu ya kwanza alikaa chini kabisa. Ya pili akacheka. Halafu kuna lile wingu jeupe kama sketi linalojitokeza kiunoni mwa ndege, watu wote wakapiga kelele kavunja ukuta wa sauti, kavunja! Hapana, hajavunja. Ni unyevu wa hewani unageuka wingu pale mgandamizo unaposhuka ghafla, ndege inaweza kulitoa ikiwa bado chini ya kasi ya sauti, na maonyesho mengi hayaruhusu rubani kuivuka kasi hiyo mbele ya watu maana ule mshindo unaweza kupasua vioo.

Ratiba sasa. Walituuzia kitabu cha ratiba, kizuri, kina picha, na kufika saa sita mchana kilikuwa hakina kazi tena. Mawingu yalishuka na kila kitu kikabadilika. Kwa hili siwalaumu wao, marubani wa maonyesho huwa wanaandaa shoo zaidi ya moja, ya juu mawingu yakiwa mbali, ya kati, na ile bapa ambayo hakuna kupanda wima, ni kupita na kukata kona tu. Tulipata bapa mara 2 na ya juu mara 1. Ninachowalaumu ni kwamba hawakutuambia, mtangazaji anaendelea kusifia wadhamini na sisi tumekaa zaidi ya saa nzima tunaangalia wingu. Saa nzima! Bila kiti wala kivuli, na miavuli mlangoni imekatazwa eti inazibia wengine, jambo ambalo ni kweli lakini basi wekeni hata vivuli pembeni. Maji foleni, choo foleni, usiulize.

Lakini ule muda wa mawingu ndo ulitupeleka kwenye ndege zilizoegeshwa, na huko ningeshinda siku nzima bila kulalamika. Kwenye picha ndege ya kivita inang'aa, kwa karibu ni kama gari la kazi, rangi imechubuka, kuna viraka, kuna alama za mafuta zilizorudi nyuma na upepo, riveti moja moja unazihesabu. Kila mahali kuna vitambaa vyekundu vinaning'inia vimeandikwa kwamba viondolewe kabla ya kuruka, mpwa wangu akavihesabu mpaka mwanajeshi aliyekuwa analinda akacheka akamwonyesha kimoja alichokuwa amekikosa chini ya tumbo. Tukaingia kwenye C-130 Hercules, ndege ya jeshi ya kubeba mizigo, kwa mlango wake wa nyuma, ndege ambayo muundo wake uliruka mara ya kwanza 1954 na mpaka leo inaundwa, ndani ni mikanda, viti vya nyavu na mabomba ya wazi juu ya kichwa, na chini ya injini moja wameweka sinia la kukinga mafuta yanayodondoka. Nilipenda hilo sinia kuliko jeti nyingi.

Kwenye uzio kulikuwa na marubani wanasaini kofia. Binti mmoja mdogo akamuuliza rubani, mnajisaidiaje haja ndogo huko juu? Watu kicheko, rubani naye akacheka lakini akajibu vizuri tu, kuna mfuko maalumu. Mi nikamuuliza habari ya G, yaani ndege ikikata kona uzito wako unazidishwa mara ngapi, akasema kwenye kona kali wanafika 9, yaani mtu wa kilo 70 anajisikia ana kilo 630, suruali maalumu inajaa hewa inabana miguu na tumbo ili damu isikimbie kutoka kichwani kwenda miguuni, na bado lazima akaze misuli na kupumua kwa mafungu mafungu. Nilimwangalia yule kijana, shingo kama ya mcheza mieleka, nikaelewa kwa nini.

Kikundi cha jeti 6 ndo kilifunga siku. Moshi ule siyo injini inaungua, ni dizeli inapulizwa kwenye hewa ya moto nyuma ya injini, ukitaka rangi unachanganya na rangi. Walivyokuwa wanakaribiana nilishindwa kuangalia, na hawa wala siyo wanaobanana kuliko wote, wale Blue Angels wa Marekani, walioanza 1946, hufikia kuachiana kama sentimita 45. Mpwa wangu alinung'unika kwamba wanapita mbali na sisi, hawaji juu yetu. Nikamwambia ni bora hivyo. Mwaka 1988 kule Ramstein, Ujerumani Magharibi, jeti 3 za kikundi cha Italia ziligongana zikifanya mchezo wa kuelekea upande wa watu na wakafa 70, tangu hapo nchi nyingi zikakaza masharti, umbali kutoka kwa watu, na marufuku kuelekeza ndege kwenye umati. Kwa hiyo ukiona uzio uko mbali na lami usimtukane mwandaaji, hilo moja msameheni.

Wapiga picha, la haraka haraka: jeti weka shata, ile kasi ya kamera kufunga jicho, 1/1000 ya sekunde au haraka zaidi, lakini ndege za mapanga yanayozunguka puani na helikopta shusha mpaka 1/250 hivi, la sivyo mapanga yanasimama na picha inaonekana kama mwanasesere ametundikwa angani. Zangu zote za helikopta ni mwanasesere.

Nawapa nyota 4 kwa kilichoruka na 2 kwa mpangilio wa chini. Paking tulikaa saa 2 bila kusogea kwa sababu geti lilikuwa moja. Mpwa wangu bado kavaa zile za kuziba masikio. Nikamwambia vua basi, kelele zimeisha, tunarudi nyumbani.

"Niniii, mjomba?"