TAHADHARI: Fremu na magurudumu ya "saiklokrosi" ambayo si ya saiklokrosi

Wadau, kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na tangazo lilelile, anabadilisha jina tu. Fremu ya kaboni ya saiklokrosi (mbio za baiskeli kwenye tope na nyasi), seti ya magurudumu, "imetumika msimu mmoja", bei ya kutupa. Simtaji kwa sababu kesho ataamka na jina jingine. Mtambueni kwa mzigo wake.

Fremu niliyoletewa iling'aa kwenye picha. Kuishika mkononi, rangi ya bomba la chini, karibu na mhimili wa pedeli, ni nene kuliko kwingine. Nikaigonga kwa sarafu taratibu: kote inalia kavu, ikifika hapo sauti inakuwa butu. Nikakwangua. Chini ya rangi kuna lipu, chini ya lipu kuna ufa. Namba ya fremu nayo imesagwa. Kaboni iliyopasuka hutengenezeka, fundi anayejua akiishika, ila mnunuzi aambiwe.

Kubwa zaidi, hiyo fremu ni ya mbio za barabarani. Mashindano ya UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, yanaruhusu tairi la saiklokrosi lenye upana usiozidi milimita 33, na fremu ya kweli hulipokea ikabaki nafasi ya tope pande zote. Hii ukivisha 33 tairi linakwaruza bomba hata kabla hujaona tope. Ndiyo maana picha zake zote zimepigwa ubavuni. Dai picha ya kutoka nyuma, rula ikiwa kati ya tairi na fremu. Akianza hadithi, achana naye.

Kwenye magurudumu ana msemo wake: "700C inaingia popote." 700C ni jina la saizi ya gurudumu. Nusu ukweli. Kipenyo cha rimu, milimita 622, ni kilekile kwa barabarani na saiklokrosi, lakini ugomvi uko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Baiskeli nyingi za siku hizi za breki za diski hutaka habu ya nyuma yenye upana wa milimita 142 na ekseli nene ya milimita 12. Yeye anauza za 130, za breki za kubana rimu, zisizo na hata mahali pa kufunga diski. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Na kama baiskeli yako ni ya breki za kubana, pitisha kidole ubavuni mwa rimu: ukikuta imebonyea, imelika. Uliza pia kama ni rimu za tairi la kubandika kwa gundi, maana tairi la kawaida halishiki humo. Hilo halisemi mpaka aulizwe.

Nilimwomba video ya gurudumu likizunguka nione kama limepinda, akajibu kamera ya simu imekufa. Picha mpya zilikuja jioni ileile, sijui zilipigwa na nini.

Malipo anataka yatumwe kama unamtumia ndugu, njia ambayo haina ulinzi wa mnunuzi, huku akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine ameshafika na hela. Nilipodai changu akanifungia, na tangazo bado liko hewani. Mkiliona, liripotini, na aliyekwisha kulipa atunze ujumbe wote, risiti na picha za mzigo kabla hajaugusa.