Uzoefu wangu: fundi bunduki wa Mwanza aliyegoma kumpa mwanangu shotigani yangu

Shotigani yangu ni ya mtutu mmoja, ya kulindia ng'ombe huku Sengerema. Mwezi wa nne ikaanza kususa: unafyatua, inasema "ta", basi. Nikaipeleka kwa fundi mwenye leseni mjini Mwanza (jina naliacha). Akaifungua mbele yangu akanionyesha pini inayogonga risasi, ncha imelika kama jembe kuukuu. Shilingi 70,000, siku tisa. Kazi safi, sina neno.

Kasheshe ilikuja siku ya kuichukua. Kijana wangu alikuwa na safari ya Mwanza, nikampa risiti, nakala ya kitambulisho changu na barua niliyoiandika kwa mkono. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, hakuna tena kukesha kwenye foleni ya kivuko, nikajua saa nane mchana atakuwa amesharudi. Alirudi kweli, mikono mitupu. Fundi alimwambia, "Salamu za mzee nimezipokea, bunduki yake siitoi."

Nikapiga simu nimewaka. Akaniacha niseme hadi nikachoka, kisha akaniuliza: "Mzee, leseni ina jina la nani?" Langu. "Basi kijana akisimamishwa pale Kigongo, ni mtu mwenye silaha bila leseni, na aliyempa ni mimi." Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inaangalia mwenye leseni, haiangalii mtoto wa nani. Barua yangu haikuwa kibali, ilikuwa karatasi.

Nilipomsimulia binamu yangu aliyeko Texas alicheka sana. Kwao Marekani, fundi mwenye leseni akishatengeneza anaweza kukurudishia bunduki yako moja kwa moja, hata kuituma jimbo jingine, bila kukujazisha upya fomu ya mnunuzi wala kukuchunguza rekodi, kwa sababu inarudi kwa yule yule aliyeileta. Ila akimpa mtu mwingine, fomu na uchunguzi vinarudi palepale. Kwa hiyo hata huko kijana wangu asingeondoka nayo kwa barua tu.

Nikaenda mwenyewe. Alisoma namba iliyochongwa kwenye chuma, akailinganisha na leseni, kisha na daftari lake, nikatia sahihi. Hata robo saa haikufika. Nenda na mfuko wako wa kuifunikia. Yeye hatoi, na kutembea na mtutu wazi hadi stendi ni kujitafutia maswali.

Ninachomlaumu ni kimoja. Risiti yake imeandikwa "njoo na risiti hii", haisemi nani aje. Sentensi moja tu siku ile ya kwanza ingeniokolea nauli ya watu wawili. Nilimwambia hivyo usoni, akachukua kalamu akaongeza kwa mkono kwenye kitabu chake cha risiti: "mwenye leseni mwenyewe". Nyota nne.