Ricoh GR III na lawama za wahakiki

Ni kamera chache zinazowagawa wahakiki kama Ricoh GR III, iliyoingia sokoni mwaka 2019. Mmoja huisifu kana kwamba haina mfano, mwingine huiita kero ya bei ghali, na wote wawili wanazungumzia kifaa kilekile chenye kihisi (sehemu inayonasa picha) cha ukubwa wa APS-C, chenye megapikseli 24, na lenzi isiyobadilishwa, ambayo upana wake wa kuona ni sawa na wa milimita 28 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa zaidi. Kabla sijaipokea hukumu ya mhakiki yeyote, hutazama kwanza picha alizoziambatanisha: zikiwa za ndege, harusi au wanamichezo uwanjani, najua kwamba tunapishana njia, kwa kuwa mimi hupiga watu nikitembea, kwa mkono mmoja, nikiwa karibu nao.

Chukua lawama inayorudiwa kuliko zote, kwamba fokasi yake husitasita kwenye mwanga hafifu. Ni kweli, ndani ya chumba chenye taa moja utaiona ikienda na kurudi huku tukio likipita. Hata hivyo, kamera hii ina kinachoitwa Snap Focus: unachagua umbali mapema, tuseme mita 2.5, kisha ukikibonyeza kitufe moja kwa moja hadi chini, haitafuti chochote bali hupiga kwa umbali huohuo. Kwa f/8, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, kila kilicho kuanzia takriban mita 1.2 hadi mbali kabisa hutoka kikiwa kikali vya kutosha. Wapo wahakiki wanaoipitia sifa hii kwa sentensi moja, ilhali kwangu ndiyo sababu hasa ya kuwa nayo. Inadai mazoea ya kukadiria umbali kwa macho, na jioni, inapobidi kulifungua tundu hilo hadi f/2.8 ili mwanga uingie zaidi, makadirio mabaya hayasamehewi.

Betri ni ndogo, picha 200 hivi kwa kipimo cha mtengenezaji. Nabeba ya pili, basi.

Kwenye suala la kukosa tundu la kuchungulia, naungana na wakosoaji. Kioo cha nyuma ya kamera hakikunjuki, na jua likiwa utosini unachokiona humo ni uso wako mwenyewe. Mashabiki husema utazoea (mimi bado), au ununue kitundu cha kupachika juu, ambacho hakionyeshi mipangilio yoyote na kinaiondolea kamera ya gramu 257 ule wepesi wa kuingia mfukoni unaosifiwa na kila mtu, kwa haki kabisa.

Anayetafuta video asijisumbue nayo, kwani haifiki ubora wa 4K. Kwa wengine, kipimo kizuri kuliko nyota za mhakiki kimo ndani ya picha mlizokwisha kupiga: fungueni taarifa za mafaili mtazame urefu wa fokasi mnaoupenda (namba ya milimita ikipanda, lenzi huona eneo dogo zaidi). Zikiwa nyingi ni za milimita 50 na kuendelea, sifa zote inazomiminiwa GR III haziwahusu.